Zafarani Asipewe Majani

Jumatatu, 3 Juni
Nimesafisha mabanda, nimelisha, nimechana mikia. Mkia wa Zafarani nimeuacha. Nani ana mkono wa ziada? Ijumaa alimng'ata Mzee Shomari, mwenzangu wa kazi, vidole viwili, na mzee wa watu alikuwa anambadilishia maji tu. Ni farasi jike, lakini ananguruma kama dume, anawapanda wenzake, anapiga milango mateke. Mwaka jana watoto wa wageni walimpanda hadi ufukweni Kaole, mimi nimeshika kamba huku nasinzia. Sijui kimemwingia nini.

Mama Tesha, mwenye farasi, ametamka leo: daktari akishindwa, Zafarani anachomwa sindano ya kufa. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumanne, 4 Juni
Daktari amefika kutoka Dar. Mwanamke mfupi, anacheka ovyo. Amempima. Ovari moja imeota uvimbe, ndio unaomtia udume. Atazitoa zote mbili. Na atazitoa farasi akiwa amesimama! Macho wazi! Matundu madogo ubavuni: moja la kamera, mengine ya vyuma vyake, na yeye anatazama kwenye skrini. Nilimuuliza mara mbili kama ananitania. Hanitanii.

Sharti: asile kitu hadi Alhamisi. Tumbo likijaa, utumbo unaziba njia na chuma kinaweza kuutoboa. Ukitoboka, hakuna farasi tena. Nimewaambia wote. Mzee Shomari nilimwambia mwenyewe: "Alhamisi anapasuliwa. Zafarani asipewe majani." Aliitikia kwa kichwa, mkono kwenye bendeji.

Jumatano, 5 Juni
Anakwangua ukuta kwa njaa. Nimetoa hata nyasi za kulalia, maana angezila. Ananitazama. Nimekwepa kupita mbele ya banda lake.

Alhamisi, 6 Juni


Zafarani alisimama kati ya mabomba ya kumzuia, amelegezwa na dawa, ganzi ubavuni. Mimi nimeshika hatamu. Daktari akapitisha kamera, nikaona ndani ya Zafarani. Pekundu, panang'aa, panacheza kila anapopumua. Sikujua mtu anaruhusiwa kuona hivyo. Halafu hatukuona kitu. Utumbo tu, umejaa, umekaa mbele kama mtu aliyegoma kupisha mlangoni. Kicheko cha daktari kikakatika. "Huyu amekula leo." Akatoa vyuma vyake, akashona.

Nilikimbilia bandani. Pumba zilizoloweshwa kwenye ndoo. Majani mabichi chini. Na Mzee Shomari kasimama palepale, hata hakujificha. "Nimempa mimi, baada ya swala ya alfajiri. Na maji nimempa."

Nilimrukia kwa maneno. Mbele ya watu wote nikamwambia amelipiza vidole vyake, amemuua farasi kwa kinyongo. Mzee wa rika la baba yangu. Alivaa kofia yake, akaondoka. Asirudi. Namchukia.

Daktari amekubali kubaki hadi Jumamosi. Njaa inaanza upya. Mama Tesha amesema hii ndiyo mara ya mwisho.

Ijumaa, 7 Juni
Bi Mwajuma amekuja, mke wa Mzee Shomari. Nilidhani amekuja kugombana. Nilimkaribisha kiti, akakataa.

Mumewe alikuwa mchinjaji mjini Bagamoyo kabla hajaja kwetu. Hilo nililijua, Idd ikikaribia watu humfuata hapa hapa kazini kumwomba akawachinjie. Nisilolijua ni hili. "Mume wangu hajapata kumpeleka mnyama kwenye kisu ana njaa wala kiu. Ni dhambi kwake. Umemwambia anapasuliwa tumbo. Mnyama akipasuliwa tumbo anapona wapi? Akaona mnambania majani kwa kuwa harudi. Alimlisha akimwomba radhi, Eliza. Kisha wewe ukamwita muuaji."

Nimeshtuka kuliko jana. Nilisema asipewe. Kwa nini asipewe, sikusema. Mimi mtu wa Moshi, nilidhani neno langu linatosha. Bi Mwajuma ameondoka bila kuaga, na mimi nimekaa na kiti kitupu.

Jumamosi, 8 Juni
Imewezekana! Utumbo umelala chini, njia nyeupe. Ovari ya kwanza, kitu kidogo, kama yai la kuku. Ya pili ilibidi daktari aongeze tundu ili itoke. Ilitoka ukubwa wa dafu. Dafu! Ndani ya mnyama niliyekuwa namwita mkorofi, namtukana kila asubuhi. Yeye wakati huo alikuwa anachezesha sikio kufukuza nzi.

Nilikaa chini mchangani, nikalia. Daktari akanipigapiga begani kwa kiwiko, maana glovu zilikuwa na damu. Anasema udume utapungua taratibu, tusitegemee miujiza kesho.

Sikuwa na wa kumwambia. Wa kwanza kumwambia angekuwa Mzee Shomari.

Jumapili, 23 Juni
Nyuzi zimetolewa juzi. Zafarani hangurumi tena usiku, ingawa leo amekunja masikio nilipochelewesha pumba.

Idd imepita. Jumanne nilikwenda nyumbani kwa Mzee Shomari, nikaambiwa hayupo. Kofia yake ilikuwa msumarini. Nilimwachia Bi Mwajuma ujumbe: farasi mzima, aje amwone.

Amekuja leo saa za kunywesha. Alisimama mbali na banda, mkono mbovu mfukoni, akamtazama Zafarani kovu la ubavuni. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa tangu siku ile. Nilijaza ndoo, nikampelekea.

"Shikamoo, mzee."

Alipokea ndoo kwa mkono mzima.

"Marahaba, mwanangu."

Akaingia, mkono mbovu akautoa mfukoni. Zafarani akanusa vidole vilivyofungwa, akashusha kichwa, akanywa.