Gundi ya Skii na Jua la Silicon Oasis

Ijumaa, mwisho wa Aprili, 2018. Nje joto la kukaangia. Ndani kiyoyozi kinakohoa. Hasira: ipo, haijapungua.

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma kwamba kuanzia leo asubuhi mimi na Babirye hatutumii tena birika moja. Kila upande umebaki na majani yake ya chai. Birika lenyewe limekabidhiwa kwa Mama Shufaa, ambaye hajaunga mkono upande wowote, na amesema tumpishe apike.

Nieleze, maana anayeingia hapa leo atadhani ni ugomvi wa wake wenza.

Tunakaa watatu chumba kimoja, International City, hapa Dubai. Mimi natoka Singida. Babirye ni Mganda wa Mbale. Mama Shufaa ni Mzanzibari, fundi cherehani kwenye duka la vitambaa Bur Dubai, na umri wake unamruhusu kutuita watoto. Mimi na Babirye tunafanya kazi kwenye ukumbi wa theluji, ule wa ndani ya maduka. Tunagawa viatu vya skii na kuvipokea vikirudi. Mwaka wa nne huu nanusa miguu ya mataifa yote.

Kuna klabu ya watu wenye nafasi zao ambayo huja kabla hatujafungua kwa wateja. Hawa hawapandi kwa lifti. Wanabandika ngozi chini ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea, na kupanda kilima cha ukumbi kwa miguu yao. Wakifika juu wanazibandua, wanateleza, wanaanza upya. Ngozi ni jina tu: ni utepe wa kitambaa chenye manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja, yanayokubali kwenda mbele na kukataa kurudi nyuma. Upande wa pili ni gundi.

Hiyo gundi ndiyo habari ya leo.

Kila mwisho wa msimu klabu hii inakwenda Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukazi, si jimbo la Marekani. Wanalala kwenye kibanda mlimani. Wanapanda alfajiri, theluji ikiwa ngumu kama sakafu, na wanashuka kabla ya mchana, kwa sababu wakati huo wa mwaka jua likishapanda theluji inageuka uji, na uji ulioko mlimani juu ya kichwa chako unakuja wote kwa pamoja. Mkuu wa klabu, ambaye sote tunamwita Sir, hulieleza jambo hili kila asubuhi kwa uchungu mkubwa. Anawaeleza watu wanaoishi Dubai kwamba jua ni hatari.

Huchukua na msaidizi mmoja kutoka ukumbini: wa kukausha ngozi, kupika mayai, kufunga mizigo, na wanavyosema wenyewe, siku mojamoja kupanda nao. Mwaka jana alikwenda Babirye. Tangu hapo tumeishi na Georgia humu chumbani. Ukila mkate, mkate wa Georgia ni mrefu zaidi. Ukifungua dirisha, hewa ya Georgia haina vumbi. Mama Shufaa aliwahi kumuuliza kama huko Georgia watu wanakufa au wanapumzika tu.

Jumapili Sir akatuita kaunta.

"Nafasi ni moja," alisema. "Nyote wawili ni wazuri. Amueni wenyewe, ladies. Yalla." Akaondoka na furaha ya mtu aliyetenda haki.

Sijawahi kumchukia mtu kwa upole wake kama siku ile. Angesema Babirye, ningelia nikanyamaza. Angesema Rehema, ingekuwa zamu ya mwenzangu kulia. Yeye katupa mfupa mmoja sakafuni, kisha akageuza uso ili asione tunavyougombania. Ndiye huyu huyu anayenitambulisha kwa wageni kama binti wa Kilimanjaro. Nilishamweleza kwamba Singida ni kukavu na ni mbali na huo mlima. Alisema anapenda unyenyekevu wangu.

Sasa niseme ukweli, kwa kuwa blogu hii inasomwa na binamu yangu na mtu mmoja wa Muscat nisiyemfahamu.

Naitaka ile safari.

Si kwa ajili ya mayai. Kupanda na ngozi nimejifunza mwenyewe, kwa kuwatazama klabu wakikosea, katika ule muda mfupi wa asubuhi ambao wafanyakazi tunaruhusiwa kuingia. Lakini ukumbini ukipanda kidogo unakutana na dari. Theluji yetu inatoka kwenye mashine. Nataka kuona theluji isiyo na paa, iliyoanguka yenyewe bila kubonyezwa kitufe. Na nataka kupita uwanja wa ndege mara moja katika maisha yangu nikiwa nimebeba kitu kingine tofauti na mkataba.

Pia sitaki aende Babirye. Hiyo nayo ni sababu, na kuna siku ndiyo inayonipa nguvu zaidi.

Tangu Jumapili hatusemezani. Chumba ni kidogo; nikinyoosha mkono nikiwa kitandani kwangu nagusa mto wake. Kwa hiyo maneno yetu yanapita kwa Mama Shufaa.

"Mama Shufaa, mwambie huyo atoe taulo lake kwenye kiti changu."

"Mama Shufaa, wewe mwambie hiyo kiti nilikuta hapa kabla yeye akuje Dubai."

Naye Mama Shufaa, pini mdomoni, anatugeukia mmoja mmoja: "Umesikia? Kasema kiti."

Jana zana za klabu zilitakiwa kupelekwa kwenye gari lao, ambalo huegeshwa nje ya ofisi ya Sir kule Silicon Oasis, kwenye lami tupu isiyo na kivuli cha kumtosha hata paka. Babirye alipeleka ngozi asubuhi. Mimi nilipeleka kreti la viatu mchana. Nilipofungua mlango wa nyuma joto lilinipiga usoni kama nimefungua tanuri, na pale chini nikauona mfuko wa ngozi.

Kila mtu ukumbini anajua ngozi hazikai juani. Zinalala chumba baridi, zimekunjwa gundi kwa gundi. Lakini kwetu kila kitu kinalala kwenye baridi, hata wali wetu wa mchana tunautoa umekuwa tofali. Ukishinda kwenye baridi ya mashine mwaka baada ya mwaka, kuna asubuhi unatoka na mzigo mkononi na akili yako haikumbuki kwamba nje ni jangwani. Hilo linaweza kumpata yeyote kati yetu. Nililijua hata nikiwa nimesimama pale.

Ningeweza kuubeba ule mfuko nikaurudisha. Niliweka kreti langu, nikafunga mlango, nikajiambia: nitamwambia nikifika nyumbani.

Nyumbani, hatusemezani.

"Mama Shufaa," nikaanza, "mwambie huyo kwamba ule mfuko..."

"Khalas!" Akatoa pini mdomoni, na hapo nikajua mambo ni mazito. "Mimi si posta. Watu wazima wawili mmelala hapa kama vijiko kwenye kabati, halafu maneno mnanituma mie! Kuanzia leo mwenye lake aseme mwenyewe. Mmenichosha, wanangu."

Babirye alikuwa palepale, kaugeukia ukuta, macho wazi. Ilihitajika sentensi moja tu.

Nilikula wali wangu.

Kwa nini? Kwa sababu niliona raha. Nimejitafutia jibu lenye heshima zaidi tangu asubuhi na sijalipata.

Leo Sir alifungua mlango wa gari mbele yetu. Mfuko ulikuwa chini kabisa, na kreti langu limeukalia. Gundi imeyeyuka ikawa kama halua iliyosahauliwa jikoni. Ngozi zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, zimeushika mfuko, na mfuko umelishika zulia. Sir alivuta, gari zima likatikisika.

"Nani aliziweka humu?"

"Mimi, Sir," akasema Babirye. Kisha akanyoosha kidole bila kunitazama. "Lakini hii kreti si yangu. Ni ya mtu alikuja nyuma yangu, akaona, akaweka juu."

Sir akatutazama kwa zamu. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemheshimu. Alisema tumemsikitisha, na kwamba kwa sasa haoni amchukue nani. Safari ni kesho jioni. Tuzisafishe, tumrudishie kesho asubuhi, ndipo atakapoamua.

Dawa yake ipo na si siri. Unalaza karatasi ya kaki juu ya gundi, unapitisha pasi ya moto, unaivuta karatasi inakuja na gundi iliyoharibika. Ukimaliza unapaka mpya. Tulizibeba kwenye basi la International City, zikinuka kama mbwa aliyenyeshewa, na kila aliyepanda alichagua kusimama upande wa pili. Pasi ya maana humu ndani ni moja, ile nzito ya Mama Shufaa.

"Pasi yangu?" alisema. "Pasi n'nayopigia kanzu za watu za Ijumaa, leo ipite juu ya mbwa?"

"Si mbwa, Mama. Ni ngozi za skii."

"Na huyo skii ndo mnyama gani?"

Babirye akacheka. Mimi nikacheka. Tulipogundua kwamba tunacheka pamoja, tukaacha.

Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaza ncha, mwingine anapitisha pasi, na karatasi lazima ivutwe ikiwa bado ya moto. Kwa hiyo tukalazimika kufungua midomo.

"Vuta."

"Bado."

"Vuta, banange, inaungua!"

"Nimevuta! Wewe shika huko."

Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza tangu Jumapili. Tuliendelea hivyo mpaka rundo likapungua nusu. Ndipo Babirye, kainamia pasi, akasema, "Mwaka jana mimi sikupanda."

"Hukupanda wapi?"

"Mlima. Wao wakitoka, mimi nabaki kwa kibanda. Asubuhi mayai. Mchana nakausha hizi ngozi. Jioni mayai ingine. Dirisha iko na mvuke, nikipangusa inarudi." Akabadilisha karatasi. "Na hiyo mkate nilikula kwa airport."

Mwaka mzima nimemchukia mwanamke kwa ajili ya mlima ambao hakuupanda.

"Ndiyo maana nataka kurudi," akasema. "Mara moja tu. Nivae skii, nipande, nione nini iko upande ule."

Najua hapa ndipo mtu mwema husema, nenda wewe, dada. Nimesoma blogu nyingi ambazo mwandishi husema hivyo na wasomaji humwekea mioyo. Nami nilimhurumia, kweli kabisa, kwa muda wa kupitisha pasi kutoka ncha moja hadi nyingine. Kisha nikamwambia kwamba yeye walau alipata dirisha.

"Rehema, wewe uko na roho mbaya."

"Na wewe muongo. Mwaka mzima unatulisha hewa ya Georgia."

"Ningesema ukweli ungenicheka!"

"Ningekucheka sana."

"Na huu mfuko jana uliuona!"

"Niliuona."

Nililisema hivyo hivyo, kavu, na wala sikuongeza samahani, kwa sababu angejua naigiza. Alinigeukia, pasi mkononi, na nilipima umbali wa mlango. Mama Shufaa alisimamisha mguu kwenye cherehani.

"Haya," akasema, "sasa mnaongea." Akaendelea kushona.

Babirye akaiweka pasi chini. "Vuta," akasema. "Inapoa."

Gundi mpya tuliipaka kwa hasira, na ninavyoona mimi hasira ndiyo inayopaka vizuri kuliko kitu chochote. Kila mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake nani anastahili kwenda. Ngozi hazikuwa na kijidonge cha gundi wala kipara. Tukazitundika kwenye kamba chini ya kiyoyozi, na chumba chetu chote kikawa kama kibanda cha mlimani, isipokuwa mlima.

Tulikubaliana jambo moja tu. Asubuhi tungekwenda kwa Sir wote wawili, na kila mmoja angesema kwa kinywa chake kwa nini aende yeye, mwenzake akisikia. Nilianza kupanga maneno yangu. Nilimwona naye midomo inacheza, anapanga yake.

Magharibi simu zetu zikalia kwa pamoja. Sir ameandika kwenye kundi. Huko Georgia mvua imepiga siku nzima. Theluji ya chini imekwisha, njia ya kwenda kibandani ni matope matupu, na kiongozi wao wa mlimani amekataa kuwapeleka kwa miguu. Kwa hiyo mwaka huu klabu haipandi. Watalala hotelini, watapelekwa juu kwa helikopta na kushuka tu. Ngozi hazihitajiki, tuzirudishe chumba baridi. Ametushukuru kwa moyo wetu. Ametuita nyota.

Babirye aliusoma ujumbe, akausoma tena.

"Labda watataka mtu wa mizigo," akasema. "Huko juu."

Nikamwandikia Sir kuuliza. Niliandika "sisi", na Babirye alikuwa anasoma begani kwangu, hakunisahihisha. Amejibu sasa hivi.

Helikopta inabeba abiria watano. Wao ni watano.