Nepi za Kanga Kuukuu

Mpendae, Unguja

Mama yangu, shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Wete, na goti lako limepungua kuuma. Mwili wangu unapata nafuu, moyo bado. Kwenye simu nilikwambia nna homa tu. Nilikudanganya, mama, niwie radhi.

Ile mimba haipo tena, na mtoto hakuwamo tangu mwanzo.

Unakumbuka tulivyofurahi tumbo lilipokuwa kubwa kuliko miezi yake? Miezi mitatu, na gauni zote zinakataa. Wifi yangu Mwanaidi akaapa ni pacha. Nawe ukakumbuka kuwa bibi alizaliwa pacha, ukakata kanga zako kuukuu, ukaniletea nepi za watoto wawili. Nilitapika hata maji hayakai, nikasema wanagombania nafasi. Damu ya kahawia ilipoanza kunitoka, nikanyamaza wiki nzima. Si tumefunzwa mimba changa haitangazwi? Basi nami nikaficha hata la kusemwa.

Mume wangu Hamadi aliiona nguo yenye damu, akanipeleka hospitali. Daktari, mwanamke wa makamo, alinipima kwa ultrasaundi, akanigeuzia skrini. Nikatafuta vichwa viwili. Palikuwa na malengelenge matupu, yameshonana kama kichala cha zabibu.

"Hii ni mimba zabibu, mwanangu," akasema. "Hakuna ulichokula wala ulichofanya kikaileta."

Kesho yake wakanisafisha. Sasa kila wiki natolewa damu wapime homoni ya mimba, maana chembe zikibaki huweza kukua tena, hata zikawa saratani. Zikigunduliwa mapema, hutibika. Homoni inashuka, alhamdulillahi, ila haijafika chini. Najua ukisoma hapa utataka nije unikande kwa maji moto. Siwezi, mama, nisije nikakosa kipimo. Tena nameza vidonge vya kuzuia mimba mpaka daktari aniruhusu. Mwanaidi anasema nibebe nyingine upesi nisahau. Akikupigia, usimuunge mkono. Nahitaji mtu mmoja wa kuniambia nisubiri.

Hatukuzika mtu wala kumpa mtu jina, na bado nalia. Namlilia nani, sijui.

Nisalimie baba, na mdogo wangu Saada, mwambie aache kufuma vile vikofia. Nepi hazitarudi. Damu ilipozidi baada ya kusafishwa, pedi ziliniishia, nikazitumia mimi. Zilikuwa laini, mama, na bado zinanukia udi wako.

Mwanao,
Zuwena