Sambaza Tuliowala kwenye Kilio Chako

Kaka Bahati,

Siku ya kilio chako tulikula sambaza, dagaa wa ziwa letu, wachanga wa ghuba uliyoomba ipumzike. Nami nilikula.

Ulikufa kwa homa, si kwa risasi. Kila anayesikia kwamba ni hapa Sake, penye vita, huuliza hilo kwanza. Siku zile mwezi ulikuwa mpevu, na mbele ya mwanga ule taa za wavuvi hazivuti samaki, nyavu zinatoka tupu. Lakini wavuvi walitaka kulisha waliokuja kukulilia, hata ndugu zako waliotoka kwenu milimani, Nyabiondo, kwa miguu. Basi wakaingia ghubani na vyandarua. Walileta sufuria mbili, kwa upendo mtupu. Sambaza wenyewe hawakufikia urefu wa kidole changu kidogo. Wengi tulijua wametoka wapi. Mama Furaha, mjane wako, akatazama sahani, akatutazama sisi, akala. Mimi nikaomba kuongezewa bugali.

Ulipokuja kusomea samaki wavuvi walikucheka: "Muntu wa milima, wa maharage, atatufundisha ziwa?" Ukamwaga maharage mezani. Ukaeleza mchezo: kila harage linalobaki linazaa lingine. Kila mvuvi achague atachukua mangapi. Muda si mrefu meza ikawa tupu. Papa Sadiki, mkubwa wao, akacheka mpaka kofia ikaanguka: "Docteur, tumemaliza ziwa na bado hatuyashiba!" Ukamwonyesha kompyuta yako, ukamjibu, "Ordinateri yangu njo vile inasema." Modeli yako ya ziwa humo ilikuwa mchezo uleule, ila uliongeza humo taa, vyandarua, na ndege wanaokula sambaza. Ilionyesha kwamba uvuvi wa taa katikati, ziwa linauvumilia. Vyandarua ghubani, pale wadogo wanapokulia, vinaangusha kila kitu. Wavuvi wenyewe wakaifunga ghuba.

Tangu kilio chako, vyandarua viko humo mchana kweupe. Nilikwenda na kinasa sauti changu cha redio. Papa Sadiki hakucheka.

"Kaka wa redio, kwa kilio ulikula. Leo njo imekuwa kosa?"

Nilizima kinasa. Sikuwa nimewahi kukizima kwa sababu ya swali nililoulizwa mimi.

Mwenzako wa kazi ameingiza uvuvi huu katika modeli. Mstari wa sambaza unashuka, na wa wavuvi wa taa unaufuata. Anasema bado unaweza kupanda, ghuba ikifungwa kabla wachanga waliobaki hawajaisha.

Jumapili baada ya misa wavuvi wanakutana. Nimeomba neno. Sitaanza na modeli. Nitasema nilikula, nilijua, na nilinyamaza kwa kuona haya kukataa chakula cha msiba. Kisha nitawaomba waifunge tena. Yote yatapita redioni bila kukatwa, swali la Papa Sadiki likiwemo. Wakikataa, nitarudi Jumapili inayofuata.

Pumzika, kaka. Msamaha sikuombi bado. Nitakuja kuuomba kaburini siku ghuba itakapofungwa.