Miguu ya Kabati la Mama

Jumatatu, 9 Machi

Nimeamua. Miguu naitengeneza mimi!

Kabati la vitabu la Mama liko bandani kwa Baba mwaka na miezi miwili sasa, limefunikwa shuka. Rafu nne, mbao za mkangazi, limepigwa msasa mpaka linateleza. Halina miguu tu. Baba alimwahidi Mama kabati hilo siku ya harusi yao — miaka thelathini na tisa iliyopita! Nusu ya mtaa wanalalia vitanda vyake, na vitabu vya mke wake viko kwenye maboksi uvunguni. Alipolianza hatimaye, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Akaweka msumeno chini. Hajaugusa tena.

Jumamosi ya tarehe 21 walimu wenzake Mama wanakuja nyumbani kumuaga, anastaafu. Nataka walikute sebuleni, limejaa vitabu.

Nimemwambia Baba. Akanijibu kwamba fundi cherehani ashone nguo. Haya. Nimemwibia penseli yake ile bapa nyekundu. Ndiyo hii naandikia.

Jumatano, 11 Machi

Mama alikuwa shule, nikajaribu urefu. Nimelinyanyua kabati juu ya madaftari ya zamani ya wanafunzi wake, rundo kila kona. Sentimita sita — limekaa kama kuku anayeatamia. Ishirini — kama mtu aliyekunja suruali avuke tope.

Baba alikuwa "anapita tu". Kapita mara nne! Ya tano uzalendo ukamshinda. Kabati lina sentimita mia na nane, akasema, gawanya kwa tisa. Miguu iwe ya sentimita kumi na mbili basi. Na ufagio upite chini, mama yako na vumbi haziivi. Jumla mia na ishirini: linaingia chini ya kizingiti cha dirisha la sebule, na upenyo wa kidole unabaki.

Kichwani anayo yote, mzee huyu.

Alhamisi, 12 Machi

Umbo sasa. Nimechora kwenye karatasi ya kaki, kama ninavyochora kola, nikakata, nikabandika kwenye kabati.

Wa kwanza una tumbo. Baba: huo mguu mjamzito. Wa pili umenyooka. Baba: huo wa meza ya ofisini, unangoja muhuri. Wa tatu nikachukua mzunguko wa kwapa la gauni — unaingia ndani taratibu, kisha unatoka na kidole kidogo pale chini. Baba kimya. Kauangalia, kaenda mlangoni, karudi kuuangalia tena.

Kwa Baba kimya ni cheti!

Jumapili, 15 Machi

Nimekata yote minne! Ubao umekwisha, kimebaki kipande cha kuchongea mwiko. Malengelenge vidole vitatu. Mteja wa blauzi ya zambarau kapiga simu mara mbili, nimemwambia naumwa. Si uongo, vidole vinauma kweli.

Jumanne, 17 Machi

Jamani. Jamani!

Nimesimamisha mguu, nikapima. Kumi na tano. Nikapima mwingine — kumi na tano. Nikailaumu futi, nikaleta nyingine. Kumi na tano! Ndipo nikakumbuka. Nilipokuwa nakata karatasi, mkono wangu ulijiachia wenyewe nafasi ya mshono. Sentimita moja na nusu juu, moja na nusu chini. Kwenye mbao!

Baba kacheka mpaka kashika ukuta. Anauliza kama nimeacha na nafasi ya kupinda. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo, hata hasira sikupata nafasi.

Kisha tukapiga hesabu, kicheko kikaisha. Kabati litafika mia na ishirini na tatu, dirishani haliingii. Chini hakukatwi, utakata kile kidole na uzuri wote umekwenda. Ni kupunguza tatu kwa juu, na pawe sawa kabisa, maana ndipo kabati linapokalia. Nikajaribu mguu mmoja. Mstari nimeuona, msumeno ukaenda zake. Umepinda. Huo utakaa nyuma ukutani, Baba akasema, tutauwekea kipande. Lakini ubao wa mkangazi hakuna tena, na miwili ya mbele ndiyo sura.

Akaangalia mkono wake. Akasema angekuwa na ule wa zamani, ni dakika kumi tu.

Roho iliniuma. Nimelia kidogo baadaye, kwenye cherehani.

Ijumaa, 20 Machi

Saa kumi jioni. Kesho ndiyo kesho.

Mama karudi mapema, akaingia bandani bila hata hodi. Tumesimama pale na shuka mkononi kama wezi. Akaishika miguu mmoja mmoja, ule uliopinda pia. Akamwambia Baba kwamba yeye kaandika ubaoni miaka thelathini na tano, mstari wake haujanyooka hata siku moja, na watoto wamesoma. Kisha akauliza nani anataka chai, akaondoka zake.

Baba kasimama. Kashika msumeno. Kauweka. Kaniambia nichore mistari, nikachora kwa chaki yangu ya nguo, pande zote za kila mguu, nikaubana wa mbele kwenye meza. Kashika msumeno tena. Mkono unatetemeka, naona, na yeye anaona kwamba naona.

Akanituma penseli yake ile nyekundu.

Basi niko chumbani, penseli ninayo, naandika haya upesi nimpelekee. Ila mistari tumeshachora yote. Penseli ya nini tena?

Ngoja.

Nasikia msumeno! Umeanza, umesita — umeanza tena. Polepole.

Mjanja huyu mzee. Sitoki humu mpaka aniite.