Siku za Kizibao

Jumatatu, 4 Machi

Nimetia saini. Shule inashiriki utafiti wa ustawi wa watoto: wanavyoishi nyumbani na darasani, wanavyosemeshwa. Chiriku wangu amechaguliwa. Atavaa kizibao chenye mfuko kifuani, na ndani ya mfuko kuna kidude cha kunasa sauti, kidogo kama kiberiti. Shuleni na nyumbani, hadi Ijumaa.

Mtafiti ni binti wa rika langu, sauti laini mno. Nikamuuliza mnatafuta nini hasa. Eti hawatafuti kosa la mtu. Nani kamtajia kosa?

Nimekubali kwa sababu ya tumbo tu. Tangu mwaka uanze linamuuma kila asubuhi ya shule. Jumamosi na Jumapili, mzima! Zahanati wamempima, hawajaona kitu. Na huyu ndiye mtoto tuliyempa jina la ndege kwa kelele zake. Sasa ukimsemesha anaangalia vidole vya miguu. Ana miaka saba, ana nini cha kunyamazia? Namshuku mwalimu. Labda kidude kitamkamata.

Jumanne, 5 Machi

Kichekesho cha mwaka: baba yake! Karudi kutoka gereji, kanawa grisi, kakaa mezani, kaanza kuongea kama msoma habari. "Mke wangu mpenzi, naomba chumvi." Mpenzi! Nikamwambia hata harusini hukuniita hivyo. Akanikonyeza, akaonyesha kifua cha mtoto. Chiriku alicheka hadi akapaliwa. Mungu wangu, nilikuwa nimekisahau kicheko hicho.

Wifi hakucheka. Dada mkubwa wa mume wangu huyu, ndiye aliyemlea. Ndiye pia anayemchukua Chiriku shuleni na kukaa naye mpaka nitoke kazini. Bila yeye nani angepiga pasi mashuka ya hoteli hadi jioni? Si mimi. Akaninong'oneza jikoni: "Wifi, hawa watu wanaanza na masikio, mwisho wanabeba mtoto." Hata mimi nawaogopa, nikamwambia.

Alhamisi, 7 Machi

Tumbo haliumi! Tangu Jumanne, kimya. Asubuhi anakunywa chai yote na kuomba mkate mwingine.

Ila kizibao hataki kukivua. Kuoga ni vita. Leo nimemuuliza kwa upole, kina utamu gani hiki?

"Nikikivaa, watu wanaongea vizuri."

Watu gani, mwanangu? Vidole vya miguu.

Nimeunguza foronya mbili kazini nikiwaza hilo. Kuna mtu anakiogopa kidude. Baba yake? Anayemfokea ni refa wa kwenye televisheni, mtoto hata siku moja. Basi ni mwalimu. Ni mwalimu!

Ijumaa, 8 Machi

Wamekichukua. Chiriku kalia kwa kwikwi, kamng'ang'ania mtafiti mkono. Aibu niliyoipata!

Nikamfuata hadi getini, nikaomba nisikie sauti za darasani. Haiwezekani, ni siri za wengi. Wakisikia mtoto yuko hatarini wataniita. Lini? Kusikiliza kunachukua muda, mama, rekodi ni nyingi. Sauti laini ileile. Yaani sanduku zima la sauti, na mtoto wangu anangoja foleni.

Jumatatu, 11 Machi

Tumbo limerudi. Kajikunja kitandani kama jongoo.

Nimempeleka mwenyewe, kazini wangoje. Nikasimama dirishani mwa darasa kama mwizi wa kuku. Mwalimu ana sauti ya kuita mtu wa mtaa wa pili, lakini anawapigia kelele wote sawasawa na wao wanacheka. Chiriku alinyoosha mkono! Akajibu! Akapigiwa makofi!

Wakati wa mapumziko nikamkabili mwalimu. Mwanangu anaumwa kwa sababu ya shule yako, nikamwambia. Hakukasirika. "Mama, huku huwa mzima kabisa. Tumbo linamshika kengele ya kwenda nyumbani ikikaribia. Anaomba abaki kufuta ubao. Nilitaka nikuite."

Anajitetea, nikasema moyoni. Nimelisema neno hilo njia nzima.

Kengele ya kwenda nyumbani. Anayemngoja getini ni mmoja. Siandiki. Nikiandika itakuwa kweli, na baba yake ataniambia nini? Kwake huyo ni mama. Na mimi nitamwacha nani na mtoto?

Jumanne, 12 Machi

Nimekata ovaroli kuukuu la baba yake, nimeshona kizibao. Mfukoni nimetia kipande cha mbao, nimekilaza vizuri kionekane. Chiriku kakaa pembeni akinipa sindano. Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia, hiki hakisikii kitu.

"Sawa," akasema. "Yeye hajui."

Yeye. Nikajichoma kidole.

Jumatano, 13 Machi

Nimeomba ruhusa ya mchana. Msimamizi kanuna, eti mashuka hayajipigi pasi. Nimefika nyumbani kabla yao.

Ninaandika chumbani, mkono lazima ushike kitu. Mlango nimeurudishia. Wameingia sasa hivi. Nilisikia tangu barazani: "Njoo mwanangu, njoo kipenzi, umechoka?" Asali tupu! Nilipotokeza kichwa, wifi alishtuka mpaka mkoba ukamponyoka.

"Wifi! Mbona mapema?"

"Kichwa kinauma."

Hakunipa pole. Alitazama kizibao. "Hawa si walimaliza?"

"Wameongeza siku."

"Ngapi?"

Nikamshika Chiriku bega, nikamwambia niko chumbani, mama yako hapo hapo, siendi popote. Nikarudi ndani. Sasa wako jikoni. Sahani zinawekwa taratibu, kama za mgeni. "Kula kipenzi. Chumvi imekolea?"

Chiriku anajibu. Sauti kubwa, ya darasani, ya kunyoosha mkono:

"Shangazi, jana ulinifungia stoo. Na juzi. Ukazima taa."

Kijiko kinatupwa sahanini.

"Unasema na nani wewe?" Asali imekwisha.

"Nasema na mama."

Kiti kinaburutwa. Naweka kal—