Fotoni Mbili Tu

Shoga uko wapi? Shika simu! Nimejifungia chooni.

Ile semina yangu. Nimewaonyesha grafu ya fotoni mbili, chembe za mwanga, zinazogongana na kutoa chembe ya kwaki mbili nzito zilizoshikana, vile vijenzi vidogo kabisa vya maada. Kilele kimechongoka vizuri, nikawa natabasamu peke yangu.

Yule mama mtafiti mgeni akanyoosha mkono, taratibu. "Mwanangu, fotoni ni mbili tu?"

Nikamjibu ndiyo, mbili tu. Tena kwa maringo!

"Sasa hiyo chembe imetokaje?"

Shoga. SHOGA. Fotoni mbili haziwezi kuzaa chembe ile! Chembe dada yake, yenye kwaki zile zile, sawa, lakini hii sheria ya fizikia inaikataa kabisa. Nimewafundisha wanafunzi jambo hilo kwa mdomo huu huu! Kwenye programu ya kuigiza migongano nilichagua chembe siyo, na kompyuta ikatii bila kuniuliza.

"Fotoni ni mbili tu?" Bado sauti yake iko masikioni.

Nikamgeukia msimamizi wangu aniokoe, naye anakodolea macho dari. Mwisho akasema, "Hiyo ni kazi ya mwanafunzi." Ya mwanafunzi! Na alipoipeleka makala yenye grafu hiyo hiyo kwenye jarida alishikilia jina lake litangulie, mimi nifuate, eti ndiyo desturi!

Ngoja, msimamizi anapiga.

Sipokei ng'o.

Ameandika. Shoga, nakunakilia neno kwa neno:

"Hongera, jarida limeikubali makala yetu. Nimefikiria sana, naona ni haki jina lako litangulie."