Misumari ya Pango la Mungaa

Jumanne, 8 Julai
Dkt. Elia amesema leo kwamba ukuta wa pango umeliwa tena, unene wa ukucha tangu mwaka jana. Alisema akiwa amepiga magoti, rula ya chuma mkononi, bila kunitazama. Nimeandika.

Pango liko ubavuni mwa kilima cha mawe, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara ya Mungaa. Dkt. Elia ni mwanajiolojia. Alipokuwa kijana alipigilia misumari kumi na miwili kwenye ukuta wa jiwe jeupe lililolainika, kila kichwa sawasawa na jiwe. Kila Julai anarudi kupima urefu uliojitokeza. Ndiyo kazi ya maisha yake: kuthibitisha kwamba maji na chumvi vinayachimba mapango haya upesi, na kwamba ni machanga kuliko wenzake wanavyoamini. Anastaafu Septemba. Jumamosi atasoma hitimisho lake mjini, mbele ya wenzake hao hao. Mimi naandika makala ya gazeti, ukurasa mzima.

Upepo mkali. Vumbi jeupe mpaka kwenye meno.

Jumatano, 9 Julai
Kazi ile ile. Misumari tisa ya chini imejitokeza, mingine urefu wa kidole. Mitatu ya juu, karibu na dari, haijabadilika tangu siku ya kwanza. Niliuliza. Alisema hiyo haihesabiwi, huko juu ni pakavu. Jibu lilikuja haraka mno. Nimelipigia mstari.

Anafuta kila kichwa kwa brashi kabla ya kupima. Anapima mara tatu. Sijafanya kazi na mtu mwangalifu kama huyu. Nampenda. Hilo halitaingia kwenye makala.

Alhamisi, 10 Julai
Daktari alibaki pangoni. Nilikwenda kwa Mama Naomi, anayempikia kila msimu. Alikuwa anapiga alizeti uani na mkwewe, ambaye ni mjamzito. Nikamwamkia, nikashika fimbo, nikapiga nao. Yule mkwe alikuwa anatafuna kitu cheupe.

"Wewe umezaa?" Mama Naomi akaniuliza.

"Wawili."

"Udongo ulikula?"

"Wa dukani."

Walicheka mpaka fimbo zikasimama. "Wa dukani! Ndiyo maana umekauka hivyo. Hebu mpe wa kwetu aonje."

Nikaweka ulimini. Nikajua umetoka wapi kabla sijauliza. Ndiyo ladha ya vumbi nililomeza siku mbili.

Wanawake wa hapa wanakwangua ukuta ule tangu enzi za bibi zao. Wanakwenda wawili wawili, asubuhi na mapema, na kijiko. Mimba changa haitangazwi mbele ya wanaume, kwa hiyo na udongo wake hautangazwi. Wakimaliza wanapangusa ukuta kwa mkono uliolowa maji. Haibaki alama.

Nikauliza kuhusu misumari.

"Ya Daktari? Ile imetufaa sana," alisema Mama Naomi. "Unatundika kikapu, unakwangua hapo hapo kuuzunguka msumari. Tunamwombea baraka."

Sikucheka. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia, miaka yote akimpikia. Alinitazama kama mtu aliyekosa malezi. "Mwanangu, nianze mimi kumtajia mwanaume mambo ya mimba? Na yeye hajauliza."

Nikaomba ruhusa ya kumwambia. Akapepeta ungo mzima kabla ya kujibu. "Mwambie wewe. Majina usitaje."

Ijumaa, 11 Julai
Nimechelewesha mpaka chai ya saa nne. Ni woga, hakuna jina jingine. Ningenyamaza, makala ingetoka safi, naye angestaafu kwa makofi. Na yote yangekuwa uongo, na mimi ningejua.

Nikamwambia, pale pale mbele ya ukuta. Hakubisha. Aliuliza mawili tu: wanakwangua kwa kitu gani, na wanafika wapi. Nikajibu: kwa kijiko, mpaka mkono ulionyooshwa unapoishia.

Akainua macho kwenye misumari mitatu ya juu.

"Hiyo ndiyo niliyokuwa naitupa nje ya hesabu," alisema.

Alitoka nje akakaa juu ya mwamba. Nikaketi karibu, maana sikupenda rangi ya uso wake. "Nimekula ugali wake miaka yote," alisema. "Nilimuuliza mvua. Nilimuuliza matetemeko. Sikumuuliza nani anaingia humu." Baadaye: "Utaandika?"

"Nitaandika, Daktari."

"Andika vizuri."

Jumamosi, 12 Julai
Mkutano mjini, ukumbi umejaa. Aliziweka pembeni karatasi alizochapa. Alisema alikosea. Ukuta wa chini umeliwa na vijiko vya wanawake wajawazito. Misumari mitatu ya juu ndiyo inayosema kweli: jiwe lenyewe halijasogea, na pango ni kongwe kuliko kila alichowahi kuandika.

Mzee mmoja wa safu ya mbele, aliyempinga miaka yote, akapaza sauti: "Kwa hiyo, Elia, unastaafu ukipima mimba?" Watu wakaangua kicheko. Naye alicheka, kwa kuchelewa. Mwingine akauliza kwa nini hakungoja astaafu kwanza. "Kwa sababu nimejua jana," alijibu.

Makofi machache. Niliona aibu kwa niaba ya ukumbi. Yeye alikunja karatasi zake, akasalimia kila mtu, akaondoka akitembea polepole.

Jumapili, 13 Julai
Tumerudi Mungaa asubuhi. Makala imekwenda mchana. Majina ya wanawake hayamo.

Daktari alipita alasiri. Amenyoa. Anataka kujua ni kiasi gani cha ukuta kimechukuliwa na mikono, na tangu lini. Mama Naomi amekubali kuwakusanya wanawake, kwa sharti moja: mwanaume haingii. Kila mmoja atasimama pale alipokwangua na kutaja alikuwa na mimba ya mtoto gani. Kila mimba ina mtoto, na kila mtoto ana mwaka wake. Daktari aliposikia hivyo akaomba kalamu.

Nitapima mimi. Amenifundisha kuishika rula, mara tatu kwa kila msumari. Yeye atangoja chini ya kilima, ndani ya gari.

Kesho, Jumatatu, saa moja asubuhi.